Syokau na Pilau ya Madereva

Syokau wa Kalama, Ukambani, ana mbuzi wawili, magoti mabovu, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya bonde. Ana virusi vya Ukimwi pia, na hafichi. Yeye na wazee wenzake wana kikundi: kila mara mmoja wao huenda Machakos mjini kuwachukulia wote dawa. Nauli ilikuwa ikilipwa na mradi wa wafadhili wa ng'ambo.

Mwaka huu Tracy, afisa wa mradi, ambaye humwita Syokau susu, yaani bibi, alikuja kuwaambia nauli haipo tena.

"Pesa zimepunguzwa, susu. Zilizobaki ni za wasichana na madereva wa masafa marefu."

"Na sisi tuko kundi gani?"

Tracy alitazama viatu vyake. "Nyinyi ni... watu wengine."

"Aii! Virusi vyangu vimestaafu?"

Wenzake walicheka. Lakini dawa zao zilibakia za wiki moja tu, na zamu ya kwenda ilikuwa ya Syokau, ambaye hakuwa na nauli.

Mimi, kijana jirani yao niliyekuwa nimeketi nao, nilichemka. Wasichana wapewe, tena waongezwe! Lakini nani huko mbali aliamua kwamba bibi akizeeka anaacha kuhesabiwa? Nikasema tuandamane hadi mjini na mabango.

"Mabango utaandika, Antony," Syokau akasema. "Dawa nazo utatumezea?"

Alasiri tulimkuta Josphat sokoni. Josphat huendesha pikapu ya Gelle, mfanyabiashara wa mbuzi, na masafa yake marefu ni Kalama hadi Machakos tu. Hata hivyo alikuwa ametoka kwenye semina ya madereva ya mradi uleule, kichwani kofia mpya.

"Mlikula nini huko?" Syokau akauliza.

"Pilau, susu. Na kuku."

"Basi umekula chakula cha mwethya."

Kila Mkamba anajua mwethya: majirani wanakulimia, unawapikia, na hakuna anayekula akaondoka bila kushika jembe.

"Susu, ile ilikuwa semina!"

"Pesa zililetwa na ugonjwa wangu. Kuku ukala wewe. Jembe lako ni lile pale." Akaonyesha pikapu.

"Na Gelle atasema nini?"

Gelle, aliyekuwa akifunga mbuzi, hakuinua hata kichwa. "Gelle anasema mama akae mbele. Kila safari, mpaka hiyo kuku iishe tumboni."

Kesho yake Syokau alishuka mbele ya kliniki amevaa kofia ya Josphat. Tracy alikuwa mlangoni.

"Susu, hiyo kofia?"

"Nimehamia kundi la madereva."

Alitoka na dawa za kikundi kizima, kiondo kimejaa. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu, nimeshika bango langu kwa mkono mmoja na mbuzi kwa mwingine. Mbuzi alikuwa ameshakula nusu ya maandishi.

"Mwache amalize," Syokau akasema akipanda. "Yeye pia hana kundi."