Bi Nafasi na Ndege ya Kaka Yake

Kazini tulimwita Bi Nafasi. Kwa miaka kumi na mmoja tulikaa kiti kwa kiti katika chumba cha kuongozea ndege: mimi nazungumza na marubani, yeye anapanga ndege ipi itangulie kutua. Asiyejua hudhani ni kazi ya kuandika saa tu. Saa gani? Rubani anasema atafika saa nane na dakika tano. Upepo unamla dakika tatu, wingu la mvua linamzungusha tano, na wengine sita wako nyuma yake na saa zao za kukisia. Bi Nafasi aliwapanga wote, kisha akaongeza dakika moja kati ya ndege na ndege.

"Hakuna anayefika saa aliyoahidi," alisema, "hata mume wangu."

Wakubwa walimsakama kwa dakika hiyo, mashirika ya ndege yakalalamika. Yeye alikunywa chai yake na kuiacha dakika palepale. Nilimpenda kwa ukaidi huo.

Siku ninayoisimulia, mama yake alikuwa hospitali, na daktari alishasema huenda asiione kesho. Kaka yake, ambaye hakuwa amerudi nyumbani miaka tisa, alikuwa njiani. Bi Nafasi alitaka kubaki kando ya kitanda, mama akamfukuza: "Si wewe unayeshusha ndege? Nenda ukaniletee mwanangu."

Akaja na macho yamevimba. Nikamwambia arudi, tutamudu bila yeye.

"Nikikaa kule ataniuliza kila dakika kafika wapi," akasema. "Hapa angalau namwona."

Ilipokaribia saa nane upepo ukaanza ukorofi. Ndege aliyopanda kaka yake, kubwa, na kindege cha abiria kumi na wawili zilikuwa zinaifikia foleni kwa dakika ileile. Ndogo ikifuata kubwa hulazimika kusubiri hewa iliyovurugwa itulie, kwa hiyo kwa kawaida ndogo hutangulia. Lakini ni kawaida tu, si amri. Angemtanguliza kaka yake, foleni ingechelewa dakika mbili, na hakuna ambaye angemuuliza.

"Mtangulize," nikamnong'oneza. "Mama anamsubiri."

"Na hao kumi na wawili, unajua wanasubiriwa na nani?"

Nilikasirika. Mpaka leo sijamaliza kukasirika.

Kindege kikatangulia. Kilipokaribia ardhi, upepo wa ubavuni ukakisukuma, rubani akaghairi kutua, akapaa tena. Kabla hatujakipangia nafasi nyingine, upepo ukageuka kabisa, ikabidi foleni nzima izungushwe, ndege zitue kutoka upande wa pili. Kaka mtu akazunguka juu ya mji dakika ishirini na sita. Bi Nafasi alipanga upya ndege tisa, moja baada ya nyingine, sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Tulipopokewa zamu nikampeleka hospitali kwa gari langu. Tulimkuta kaka yake ukumbini, mkoba bado begani. Mama alikuwa ameaga dunia robo saa kabla hajafika.

"Robo saa, mdogo wangu!" Alikuwa analia kwa hasira. "Tuko juu hapo, naliona paa la hospitali hii kwa macho yangu, wanatuzungusha tu kama hatuna kwetu! Ni nani hao wanaokaa kupanga upuuzi huu?"

Hakujua kwamba dada yake alikuwa zamu. Nilitamani anyamaze, nilitamani Bi Nafasi naye anyamaze, angalau siku hiyo moja.

"Ni mimi, kaka," akasema.

"Ulijua nimo?"

"Nilijua."

Kaka yake akaingia chumbani kwa mama peke yake na kufunga mlango. Tukabaki ukumbini wawili.