Mkwe Kwenye Wavu wa Nguruwe

Wanaosifu kazi za pamoja za zamani huniudhi kidogo. Husimulia vicheko na masufuria makubwa ya ugali, kana kwamba tulikwenda porini kucheza. Mimi nilikuwepo, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni damu.

Ilikuwa Kilimarondo, wakati wa kiangazi, miaka michache baada ya matrekta ya mashamba makubwa ya karanga kuanza kung'oa pori upande wa Nachingwea. Wanyama walikosa pa kulala wakahamia kwetu, na nguruwe ndio waliozidi. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Shambani ilibaki mihogo, na mihogo hiyo ndiyo ingetuvusha mpaka mavuno mengine. Kila asubuhi tulikuta matuta yamefukuliwa na mizizi imetafunwa nusu nusu kwa dharau. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alisimama katikati ya mashimo akiwatukana nguruwe kwa Kimwera, wao na ukoo wao wote.

Basi mjomba, kaka yake mama, akaitisha msako. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba hushauriwa, mjomba huamua. Alituma watu mpaka Kiegei na Chinongwe, na ndugu ambao hatukuwaona tangu misiba iliyopita wakaja na wake zao, watoto wao na nyavu mabegani. Hakuna aliyelipwa wala aliyeuliza malipo. Majirani Wakristo waliotoka Msumbiji walikuja pia. Wao wangechukua nyama. Sisi Waislamu tulitaka nguruwe wafe tu.

Mume wangu naye alikuwa Mmakua wa kutoka Msumbiji, Mwislamu kama sisi, mpole hadi wakati mwingine nilitamani kumtikisa. Alihamia kwetu kama desturi ilivyotaka, akalima shamba la mama kabla ya kulima letu. Mjomba hakumpenda hata hivyo. Alisema mtu usiyewajua wazee wake anaweza kuamka siku yoyote akarudi kwao na mtoto wa ukoo wetu. Nami nilikuwa na mimba. Siku mbili tatu kabla ya msako mjomba aliniambia waziwazi kwamba ndugu wote watakuwepo, watamwona. Akisimama imara, atakaa. Akitia aibu, atafungasha vitu vyake, mimi nitabaki. Nilimchukia mjomba siku ile, chuki ya kweli ya kukosa usingizi.

Kuna jambo moja sharti niliseme. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutazamana wala hawakusemezana. Mume wangu akimwona mama anakuja, aliacha njia, akaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija. Mama hakuwahi kuuona uso wake kwa karibu, na alijivunia hilo mbele ya mashoga zake. Adabu ya mkwe wake ilikuwa mali yake.

Wavu ulifungwa kwenye miti, kando ya kijito kilichokauka, na wanaume wakajificha nyuma yake na mikuki. Wanawake na vijana waliingia upande wa pili wa kichaka, wakipiga madebe na vyuma vya majembe ili kuwasukuma nguruwe waje. Mimi kwa sababu ya mimba niliachwa pamoja na mama ili tuwapelekee wanaume maji. Mwisho wa wavu kamba zilikuwa zimeoza, pamebaki pengo la upana wa mlango. Hapo ndipo mjomba alipomsimamisha mume wangu na mkuki mmoja, alizibe kwa mwili wake.

Madebe yalipokaribia, wakaja. Jike lilijibamiza wavuni, mikuki mitatu ikaingia tumboni kwa pamoja, nalo likaendelea kukimbia palepale lilipo, likijichana. Mlio wake ulikuwa wa mtoto mchanga. Watu niliowajua kwa upole waligeuka. Mmoja alichoma nguruwe aliyekwisha kufa, akachoma tena na tena, huku akitaja mihogo yake. Mjomba alikuwa akiponda vichwa vya watoto wa nguruwe kwa rungu, na damu ilimfika viwikoni. Na mimi, sitaficha, nilikuwa nikifurahi.

Kisha pakawa kimya kidogo. Wanaume waliomba maji, mama akajitwika mtungi akapita nyuma ya wavu, mimi nikimfuata. Hakujua nani yuko mwisho. Mume wangu akageuza uso, akamwona mama mkwe wake anamjia, na miguu yake ikafanya ilichozoea. Akatoka pengoni, akaingia majanini, akampa mgongo.

Dume lilikuwa limejibanza muda wote. Lilitoka kwenye pengo lile kama gogo lililorushwa, likampiga mama pajani, likapita. Mtungi ulipasuka. Mama alikaa chini, akatazama paja lake lililofunguka, na damu ikaruka kwa mapigo.

Mume wangu aligeuka, akatupa mkuki. Alipiga magoti, akapenyeza mikono yote miwili chini ya kaniki ya mama na kuikandamiza ndani ya jeraha. Damu ikapungua kuruka.

Mjomba alifika mbio. Alichokiona yeye ni mkwe ameshika paja la mama mkwe mbele ya ukoo mzima. Aligeuza mkuki akaanza kumpiga kwa mpini, mgongoni, begani, kichwani, akimwamuru atoe mikono. Mume wangu hakujikinga wala hakutoa mikono. Nilimrukia mjomba nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Akanisukuma nikaangukia vigae vya mtungi. Ndugu walisimama tu, wa Kiegei na wa Chinongwe, hakuna aliyesogea. Niliona sikio la mume wangu limepasuka.

Ndipo mama alipoinua macho akamtazama mkwe wake usoni. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akasema na kaka yake, kwa sauti ya chini, bila hasira.

"Kaka, mgongo mpige ukitaka. Mikono mwachie."

Mjomba alipiga mara moja zaidi, pigo lisilo na nguvu, na mpini ukamtoka. Alivua shuka lake, akabaki na kikoi, akapiga magoti upande wa pili wa mama na kulifunga paja juu ya jeraha, akikaza kwa meno. Alipomaliza akamwambia mume wangu aachie. Mume wangu hakuweza, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Mjomba akavishika, akavikunjua kimoja kimoja. Mikono yao yote ilikuwa na damu, ya nguruwe na ya mama, huwezi kutenganisha. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, sikuona haya.

"Wewe shika miguu," mjomba alimwambia, bado hamtazami. "Mimi nashika mabega. Tumpeleke kwako, ndiko karibu."

Kabla ya siku ile mjomba hakuwahi kuiita nyumba ile ya mume wangu.