Lantana ya Mstari wa Msitu

Lantana ina maua mazuri, na hilo ndilo lililoniudhi tangu mwanzo. Manjano na waridi kwenye kishada kimoja, vipepeo juu yake mchana kutwa, na chini ya kichaka chake nyasi hazioti. Miaka ile ya Mwingereza nilikuwa mkalimani wa ofisi ya kilimo, Arusha mjini. Kila Jumamosi nilipopanda kwenda kwetu, kwenye miteremko ya Meru, niliikuta imesogea tena kuelekea migomba ya mama.

Ilitoka kwenye mstari wa msitu. Watu wa misitu wenyewe ndio walioipanda zamani, iwe ua wa kuonyesha mashamba yetu yanaishia wapi na msitu wa serikali unaanzia wapi. Ndege wakala matunda yake, wakaieneza.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, naye hakuwa wake. Mjomba alimpa amfuge, kama ilivyo kwetu: anayefuga hunywa maziwa na kuchukua mbolea, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mbolea ile ililisha migomba, na migomba ikatulisha sisi. Nyasi mama alizikata ukingoni mwa msitu, na hata achambue vipi, mzigo wake ulirudi na lantana ndani. Ng'ombe wa jirani alishakufa kwa majani hayo. Wa mama naye, kwa sumu hiyo, akaanza kukimbia jua. Ngozi ya pua ikapasuka, ikawa inabanduka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa.

Nikaanza kuzunguka maofisini. Bwana shamba, Mwingereza niliyemfanyia ukalimani, alikubali kwamba lantana ing'olewe, ila mstari haukuwa wake. Bwana misitu alikubali pia, ila hakuwa na vibarua. Bomani wakasema hiyo ni kazi ya wananchi, basi wananchi waambiwe.

Nikawaambia mimi, barazani, nikiwa na viatu vyangu vya mjini.

"Shikamooni wazee. Serikali inaomba tung'oe lantana."

"Marahaba. Serikali ipi?" mzee mmoja akauliza. "Iliyopanda, au nyingine?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mzee wa mfereji, yule aliyegawa zamu za maji pale kijijini, hakucheka.

"Kijana wetu, tutang'oa," alisema. "Lakini ule ni mpaka. Tukiuondoa hivi hivi, kesho tutaambiwa msitu unaanzia jikoni kwa mama yako. Tunapanda masale kwanza. Na bwana misitu aje aone kwa macho yake."

Masale ndiyo mpaka wetu, yale majani marefu ya kijani yanayosimama kati ya jirani na jirani. Huling'oi isale bila mwenzako kuwepo. Ukiling'oa peke yako, umetangaza ugomvi na ukoo mzima. Nilimweleza bwana shamba hayo yote. Akaitikia kwa kichwa, akasema wapande wanachotaka, na bwana misitu ataarifiwa.

Siku ya kazi walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Umande haujakauka, masale yalikuwa yamesimama mstari mzima, na majembe yameanza kuingia kwenye mizizi ya lantana. Nilimwona mama akivuta shina kwa mikono miwili, ameinama, anacheka na wenzake. Ndipo akaja askari wa misitu, mgeni wa mbali, peke yake.

"Nani kawaruhusu kupanda kwenye mstari wa serikali?"

"Bwana shamba," nikasema.

"Bwana shamba ana msitu?"

"Bwana misitu mwenyewe anajua. Yuko wapi?"

"Kaenda Moshi. Mimi nimeambiwa hapa hapapandwi kitu."

Akainama, akang'oa isale la kwanza. Akang'oa la pili. Aling'oa bila hasira, kama mtu anayepalilia mahindi.

Watu wakaweka majembe chini. Mzee wa mfereji alichukua panga lake, akasimama mbele yangu.

"Huyu umetuletea wewe, au kaja mwenyewe?"

Nikamgeukia askari, na nyuma yangu watu wakaanza kuokota majembe yao. Wakaondoka mmoja mmoja. Nikabaki kumfokea askari: habari za ng'ombe, habari za maofisi, mpaka sauti ikakauka.

"Kaka," akasema, "mimi nimetumwa. Hata wewe umetumwa."

Jumatatu bwana shamba aliniambia kwamba watu wa misitu wameleta habari: wananchi wamekataa kazi. Nilibisha. Alinisikiliza kwa adabu, akasema atalitaja jambo hilo maofisa watakapokutana. Lini, hakujua.

Jumamosi nilimkuta mama ameshamfunga ng'ombe kamba ya safari.

"Mama, nipe muda kidogo. Nitasema nao tena."

"Umesema vya kutosha, mwanangu. Nikimrudisha akiwa hai, kaka yangu anaweza kunipa mwingine. Nikimpelekea ngozi, hatanipa tena. Shika kamba."

Tukashuka kuelekea Kimandolu, kwa mjomba. Jua lilipopenya kati ya migomba ng'ombe akagoma, akaficha uso ubavuni mwa mama. Mama akavua kanga ya mabegani, akamfunika kichwa, akampapasa shingo mpaka akakubali kwenda. Tuliopishana nao walituamkia, wakamtazama mnyama aliyetandwa kanga kama mgonjwa, wakapita bila kuuliza.