Wimbo wa Nne wa Jirani Yangu

Jirani yangu pale mtaa wa Point, huku kwa Wazulu, alikuwa mzee mzungu, mgonjwa wa mapafu. Mimi nilikuwa namfulia nguo, namletea na sombe, majani ya muhogo. Ile sombe, wacha niwaambie, alikuwa anapangusa sahani na mkate mpaka inang'aa!

Ujana wake alipigaka gitaa. Alinionyesha picha: wanaume wanne, nywele zimesimama kama zimepigwa na umeme, midomo rangi nyekundu, suruali za kubana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Walitoa album moja tu, watu hawakununua. Alikuwa nayo kwa CD. Kila Jumatano nikileta nguo ananiwekea, halafu ananiangalia usoni.

Kwetu Congo mgonjwa haambiwi kibaya. Basi mimi, nyimbo zote nzuri, papa, baba yangu, zote nzuri. Siku moja akakasirika. Akasema hata zamani watu walimwambia hivyo hivyo, na hakuna aliyenunua.

"Gogo," akasema, ndivyo alivyoniita, bibi kwa Kizulu, "wewe unaimba kwaya. Nataka kufa nikiwa najua."

Eish. Nikamwambia. Ngoma inapigwa kama polisi wanavunja mlango. Mwimbaji anapiga kelele badala ya kuimba. Wimbo wa kwanza na wa pili ni mmoja, umebadilishiwa shati tu. Lakini ule wa nne, wa polepole, gitaa linalia kama mtu anayejificha asionekane.

"Huo, papa, hata kanisani kwetu wangenyamaza."

Kisha akaniomba siku ya kumuaga nihakikishe unapigwa.

Alikufa wakati wa baridi. Pale wanapochomea maiti tulikuwa wawili tu, mimi na dada yake wa Pinetown. Mfanyakazi akasema iko dakika kumi na tano, akauliza aweke wimbo gani. Nikasema aanze mwanzo. Kwetu kwenye matanga kazi ya marehemu hairukwi, ni kama kumziba mdomo. Dada yake akaninong'oneza turuke. Nikakataa, mimi mjuaji.

Wa kwanza, kelele. Wa pili, kelele. Wa tatu mrefu, sijui waliuwekea nini. Wa nne ukaanza, gitaa likalia kidogo tu, mfanyakazi akazima. Watu wa maiti nyingine walikuwa mlangoni.

CD niko nayo mimi sasa. Jumatano nikimaliza kufua, nguo zangu tu, naweka wa nne. Ile mitatu naruka.