Jina Lililotolewa Kwenye Wimbo

Ipo Jumapili moja ya mchana, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nashindwa kuendelea kukaa. Nainuka, naenda mlangoni, narudi. Wajukuu wangu wameshazoea, siku hizi hawaniulizi tena natafuta nini. Nasikia kuna kampuni imewafuata, inautaka muziki wenu. Ndiyo maana nimeona nikusimulie mwenyewe, kabla hujasaini.

Najua wengi mnacheka mkiambiwa kwamba mimi niliwahi kutengeneza midundo. Nilitengeneza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa kuchapa barua kwenye duka la fotokopi karibu na stendi ya Nyegezi. Kompyuta ilikuwa moja, na wateja walipopungua nilifungua programu ya muziki aliyoniwekea Kulwa. Huyu Kulwa alikuwa fundi redio, mrefu, mbishi, na maspika yake aliyaunda mwenyewe kwa mbao za makreti. Yeye alitaka mdundo wa mbio, mbio kuliko chochote kilichokuwa kikipigwa redioni. Mimi nilitaka ndani ya mbio hizo zisikike ngoma za kulimia nilizokua nazo huko Misungwi. Tuligombana kila siku, na kazi ikatoka humo humo kwenye ugomvi.

Redioni walituambia ni kelele. Basi tukawa tunapiga wenyewe pale Usagara, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, Jumapili mchana mashine ikiwa imezimwa. Mwenye mashine, mzee wa Kihindi aliyezaliwa huku huku, hakututoza kitu. Alitaka tu tukimaliza tufagie pumba. Walikuja makondakta, wauza samaki, wanafunzi wa chuo, na wakulima waliotoka kanisani na viatu vyao vizuri, wakavivua na kuvipanga ukutani. Vumbi lilipanda mpaka hatuonani. Mpaka leo sijaona tena watu wakicheza vile.

Wimbo walioungoja kuliko wote haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bibi Nyamizi, mwanamke wa hapo Usagara aliyeongoza kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu. Binti yake wa pekee, Kabula, alifariki kwa uzazi akamwachia mjukuu mchanga. Msimu uliofuata bibi alirudi shambani, akatunga wimbo wa kumwita: Kabula, njoo uchukue jembe lako, jua limepanda, wenzako wamefika mwisho wa tuta. Miaka kama mitano baadaye nilimfuata na redio ya kaseti nikamwomba niurekodi.

"Chukua," alisema. "Ila kila mnapoupiga, watajieni watu jina lake kwanza. Sitaki wacheze bila kujua anayeitwa ni nani."

Tuliahidi. Kulwa alikuwa anazima kila kitu, anasema kwenye kipaza sauti, "Anaitwa Kabula," na uwanja mzima unajibu, "Kabula!" Hapo ndipo mdundo ulipoingia.

Kisha akaja Fredi. Alitoka Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye kampuni ya sabuni, shati limenyooka, maneno laini. Alisimama kwenye vumbi letu Jumapili nzima, na kesho yake akanifuata dukani. Hakumfuata Kulwa; alishaona nani ni mbishi.

"Dada Pendo, hiki kitu ni kikubwa," aliniambia. "Kinazibwa na ukuta wa mashine ya mpunga. Tutakipeleka nchi nzima. Punguza mbio kidogo tu, watu wazima waweze kufuata. Na sauti ya yule bibi ibaki, ina ladha. Ila hilo jina, mtu wa Morogoro litamsaidia nini? Hapo weka jina la sabuni."

Ningeweza kusema ngoja nimuulize mwenyewe. Usagara si mbali, ni nauli ya hiace tu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kazi ya mikono yangu ni kubwa. Nilisaini karatasi zake palepale kwenye meza ya kuchapia bila kuzisoma, mimi niliyekuwa nikisoma karatasi za watu kutwa nzima. Jioni ile ile nikaukata wimbo. Jina lilikuwa limetajwa mara saba. Nikalitoa mara saba, na kila mahali nikabandika jina la sabuni, sauti ya msichana aliyekuja naye Fredi. Nilisikiliza, nikaona imeingia vizuri. Niseme ukweli: nilijisifu.

Kulwa alipousikia hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu. "Bibi anajua?" Nikamjibu kwamba nitamwambia. Akachukua begi lake la vifaa akaondoka, na tangu siku hiyo hakurudi dukani.

Wiki chache baadaye wimbo ulikuwa kila mahali. Wale wale wa redio waliouita kelele sasa waliupiga asubuhi, mchana na jioni. Magari ya matangazo yalipita Nyegezi, Buhongwa, Usagara mpaka Misungwi mjini, na maspika juu. Watu walinipongeza. Mimi nikawa siwezi kutulia. Nikisikia gari la matangazo linakuja naingia ndani, nikikaa ndani nahisi kama kuna mtu ananisubiri nje. Nilichapa barua za watu kwa makosa mpaka bosi akaniuliza kama naumwa.

Jumapili ile niliyokutajia, nikanunua sukari na kitenge, nikapanda hiace kwenda Usagara. Nilijipanga njia nzima nitakavyosema.

Bibi Nyamizi alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage. Uani, mjukuu wake, mtoto wa Kabula, wakati huo ana miaka kama sita, alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni. Na alikuwa anaimba. Aliuimba wimbo wa bibi yake kwa sauti nzuri, kila neno mahali pake: njoo uchukue jembe lako, jua limepanda. Na pale penye jina la mama yake, akaimba sabuni.

Kitenge kilikuwa mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Watoto wote wa huku wanauimba hivyo. Huyu nilimkataza, akaniambia, Bibi, wewe ndiye umekosea, redioni wanasema hivi." Alitupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Hakumjua mama yake, Pendo. Hana picha. Alikuwa na jina tu, tena analipata kwenye ule wimbo. Wewe umelitoa."

Nilisema nitaliweka tena. Nilisema nitampigia Fredi kesho. Nilisema mengi, kwa haraka haraka. Aliniacha nimalize, kisha akasema neno ambalo halijawahi kunitoka masikioni:

"Sikukupa wimbo uufanyie unachotaka. Nilikupa mtoto wangu umbebe."

Sukari aliipokea, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Kitenge alinirudishia.

Kesho yake nilimpigia Fredi. Alikuwa mpole kama kawaida. Akanieleza kwamba kwa karatasi nilizosaini, wimbo ule pamoja na ile sauti ni mali ya kampuni, na kwamba hata pale kwenye mashine ya mpunga haturuhusiwi tena kuupiga. Kulwa naye alipelekewa barua. Alihamishia maspika yake Misungwi, akaendelea na vijana wengine bila mimi, na Jumapili za Usagara zikaisha. Zaidi ya mwaka alikuwa akiniona njiani anavuka barabara.

Mimi nilirudi Usagara Jumapili iliyofuata, nikaazima jembe. Sikujua la kufanya lingine. Msimu ule na uliofuata nililima na wale akina mama, nikajifunza wimbo mzima kwa mdomo, na mtoto akawa anakaa karibu yangu. Tuliuimba naye mara nyingi. Mara nyingine alitaja jina sawasawa. Mara nyingine sabuni ilimtoka kabla hajajua, akaziba mdomo, akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa anainama anaendelea kulima. Sabuni yenyewe ilikuja kupotea madukani, wakatoa nyingine yenye wimbo mwingine. Wetu walishautupa.

Bibi Nyamizi alipofariki, miaka mingi baadaye, tulikuwa wengi makaburini. Yule mjukuu, sasa mama mwenye watoto wake, ndiye aliyeanzisha wimbo. Aliita, "Kabula," wazi kabisa, mara zote saba. Kulwa alikuwa upande wa pili wa kaburi, mvi kichwani, akaitikia. Nami nikaitikia. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si ule wimbo wa sabuni huu?" Mwenzake akasema ndio.

Hilo na ile Jumapili ndivyo vinavyoniinua kitini, mwanangu, mpaka leo.

Sikukatazi kusikika. Huo muziki mnaoupika kwenye simu zenu unastahili kusikika kokote, na mtu akifanya kazi alipwe, nyumba ina mahitaji. Wala sisemi kila anayetoka kampuni ni mwovu. Fredi hakunidanganya hata neno moja, karatasi zote alinipa mkononi. Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujasaini, kaa chini uuvunje wimbo wako kipande kipande, ujiulize hiki kilitoka kwa nani. Kama kuna sauti uliyopewa, panda gari umfuate mwenye nayo, mketi, akusikie ukimwambia wanataka kuifanyia nini. Akikataa, kubali kukosa. Mwenzako anayekubishia kila siku mpeleke kwenye hicho kikao, na ukiona wanakutaka wewe peke yako, bila yeye, shtuka. Karatasi zisome zote, mbele ya mtu anayezielewa. Wakikuambia leo ndiyo mwisho, waache waende.

Nenda sasa, wenzako wanakusubiri. Mungu akupe mikono isiyochoka na masikio ya kusikia unapoitwa. Akujalie kazi yako ifike mbali, na siku watoto wa watu wakiiimba, uweze kusimama karibu yao ukasikiliza mpaka mwisho.