Lakiri Iliyokatika

Walisema sitavuka Nairobi. Mjomba alitangaza kwamba diploma yangu ya umeme itanifikisha kwenye kutengeneza pasi na redio za majirani, basi. Leo ghorofa niliyorudi kujenga inatia kivuli uani kwake, na sijamwomba radhi.

Nauli ya ndege nilikopa kwa shangazi, aliyekuwa akihudumia wazee kule ng'ambo, mji wa Falls Church, na kwa wenzake wanne wa kanisani. Niliahidi kuwalipa kabla ya Krismasi ya pili. Nilipopata kibarua cha kukagua mashine za kupigia kura katika ghala moja, niliona jina langu limepona.

Kazi ilichosha. Unaingiza karatasi za majaribio ambazo majibu yake unayajua, mashine inahesabu, unalinganisha, unafunga kwa lakiri ya plastiki, unasogea kwa inayofuata. Jioni, foleni ya magari kwenye barabara kuu ya Beltway.

Kila Jumapili wadai walinizingira. "Bwana fundi, mpitishe mtu wangu nikusamehe deni!"

"Mwacheni," shangazi alicheka. "Huyu hata sukari yangu hawezi kuiba."

Asubuhi moja nilikuta mashine niliyoifunga mwenyewe jana yake, lakiri imekatika. Nikamwita bosi.

"Imekatika ikisukumwa," akasema. "Funga nyingine, tia sahihi."

"Nani aliiona ikikatika?"

"Unataka mkataba uendelee, au hutaki?"

Nilichoka kiasi kwamba ningeweza kutia sahihi nikiwa usingizini. Nikawafikiria wadai wangu. Pengine kweli ilisukumwa vibaya. Lakini mlango uliokaa wazi usiku kucha, huwezi kuapa kwamba hakuna aliyeingia. Kwetu watu wamewahi kukesha nje ya kituo wakilinda masanduku ya kura. Sikuhitaji kufundishwa hilo. Nikaitenga mashine, nikaandika nilichokiona.

Ilipelekwa kuchunguzwa. Majibu sikuyapata, maana mkataba uliishia hapo. Nikahamia mji wa Sterling, kuvuta nyaya kwenye majumba yaliyojaa kompyuta, zamu juu ya zamu. Krismasi ya pili ikapita. Shangazi hakunidai, na hilo lilinichosha kuliko nyaya.

Ilipofika Krismasi ya tatu niliwakusanya sebuleni kwake, nikawalipa wote, mmoja mmoja, wenzao wakitazama.

"Sasa fundi," mmoja akauliza, "ile mashine iliibiwa kura au haikuibiwa?"

"Sijui."

"Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Ndiyo maana nasema sijui."

Shangazi alizihesabu pesa zake mara mbili, akaziweka kwenye mkoba, akaniambia nikanawe mikono, chakula kinapoa.