Vijia Ndani ya Mwamba Ulioyeyuka

Siku yangu ya kwanza kazini, Bukoba mjini, Mkuu wa Maabara alinipa kipande cha jiwe kinachotosha kiganjani, akasema, "Koku, lisage mpaka mwanga upite." Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo miamba inavyochunguzwa: unabandika kipande kwenye kioo kwa gundi, unakisugua kwa unga mkali hadi kiwe chembamba kuliko karatasi, kisha unakitazama kwa hadubini. Jioni mwanga ulipita.

Baadaye nilipelekwa Ngenge kukusanya sampuli chini ya Kiongozi wa Msafara, mtu mkali asiyepokea jiwe kabla hujamwonyesha lilikotoka. Niliporudi maabara, Mkuu alikuwa ameanza kupoteza macho. Alitembea akigusa kingo za meza, nasi tukajifanya hatuoni.

Wakati huo tulikuwa tumeletewa mawe ya nchi ya mbali, kutoka shimo lililochimbwa na kimondo zama za kale. Kimondo kikigonga ardhi, mwamba huyeyuka na kuganda kama kioo. Joto hubaki chini muda mrefu, na maji yanayopenya humo hugeuka chemchemi za moto. Je, vijidudu viliishi ndani yake? Mkuu alikuwa ametafuta alama zao miaka mingi, yaani vijia ambavyo vijidudu huvitoboa katika kioo hicho, na kustaafu kulikuwa kumekaribia.

"Tazama wewe," aliniambia. "Niambie kilichopo, si ninachokitaka."

Mwanzoni niliona mistari. "Ni nyufa tu, Mzee. Zimenyooka."

Aliitikia kwa kichwa, akatoka nje kukaa peke yake. Iliniuma. Neno moja tu lingemfurahisha.

Wiki iliyofuata nilitazama kipande kingine, nikasogeza lenzi, nikatazama tena.

"Koku?"

"Kuna vijia, Mzee. Vyembamba mno."

"Vinaanzia wapi?"

"Kwenye ukuta wa tundu, maji yalikopita. Vinaingia ndani ya kioo, vinapinda, vinakwepana."

"Vina nini ndani?"

"Madini yaleyale yaliyojaza tundu."

Akakaa chini taratibu. Maana yake vijia vilikuwapo tangu maji ya moto yangali yakipita.

Nilitaka ripoti iseme kuwa ni uhai. Akakataa. "Andika 'huenda'. Hata maji yenyewe yanaweza kutoboa kioo." Akatia saini pale nilipomwongoza mkono. Waliosoma ripoti ile wanabishana hadi leo.

Nami nimestaafu, nipo Kitendaguro na migomba yangu. Ninyi vijana mna mashine zinazotambua vitu ambavyo sisi hatukuweza kuviona. Zitumieni. Lakini jizoezeni pia kusema "ni nyufa tu" mbele ya mtu mnayempenda.

Mkuu yuko kwake Muleba, haoni kabisa. Nikienda kumsalimia, mkewe hutuletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na Mkuu huniuliza kama jibu limepatikana.

"Bado, waitu," namjibu kwa neno letu la heshima.

Hanung'uniki. Husogeza kiti chake karibu na changu. "Haya, nieleze tena jinsi vile vijia vilivyokaa."

Nami naanzia kwenye ukuta wa tundu, maji yalikopita.